Picha Tatu Juu ya Kibao Chekundu

Mnanichosha. Mtu hawezi kukaa akachambua mchele wake kwa amani bila kuombwa hadithi, tena hiyohiyo, ile ambayo nimewaambia siipendi. Hadithi nyingine zina mwisho. Hii haina mwisho, ina malipo tu. Haya, naisema mara moja, na atakayetaka kulia akalie nyuma ya nyumba.

Hapo zamani, na sisemi zamani ya sungura na fisi, nasema zamani ya masika matatu nyuma, palikuwa na bonde la mpunga linaitwa Nakiwe. Udongo mweusi, mpunga mzuri, mto mwenye tabia mbaya. Mto ule hauji kwa mvua ya kwenu. Mvua inanyesha milimani huko juu, ninyi huku mmeanika nguo na jua linawaka, kisha alasiri maji yanakuja yamesimama kama ukuta, rangi ya chai ya maziwa, yamebeba magogo na mbuzi wa watu. Maji ya Nakiwe hayapigi hodi.

Na watu wa Nakiwe, mpunga ukitoa masuke, hawakai kijijini. Wanahamia majarubani kuamia ndege. Kila nyumba ina dungu lake, kitanda cha miti juu ya nguzo nne, na mtu anakaa pale na wanawe miezi miwili akirusha matope kwa kombeo na kupiga kelele, maana ukisinzia kwelea wanakuachia mabua. Lakini ndege nao wana akili. Jua la saa sita likichoma wanakwenda kupumzika vichakani, wanarudi saa nane. Saa hizo mbili ndizo za binadamu. Watu wanapika, wananyonyesha, wanawasha simu. Simu huwashwa saa hizo tu, kwa sababu chaji haioti jarubani.

Zamani za zamani onyo lilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye nguzo ya shule. Mlinzi wa daraja la juu akiona maji yamepanda, anapeleka habari, na mjane mmoja, Bi Sikudhani, anatoka na nyundo yake anagonga. Huku kijijini inasikika mpaka kwenye meno. Lakini Ng'ambo, kule kwenye madungu ya upande wa pili wa mto, ilitegemea upepo. Upepo ukikataa, hawasikii.

Basi palikuwa na binti anaitwa Havijawa, katibu wa ushirika wa wakulima. Alikuwa na mama yake, Bi Siwema, na mwanawe mmoja wa kike, Tunu, miaka sita. Havijawa yeye alikaa ofisini na kompyuta; mama na mtoto walikaa dunguni. Na kila masika binti huyu hakulala vizuri. Aliwaza: upepo ukikataa siku hiyo, je? Hofu hiyo ndiyo iliyomfanya awaze ukurasa wa mtandaoni, kitu ambacho mtu aliye popote atakifungua kwenye simu na kuona: kibao cha kijani, kaa, kibao chekundu, ondoka.

Wakamwita fundi kutoka mjini, Eligi, kijana mwenye miwani na maneno machache. Akasema atajenga ukurasa kwa mkono, mwandiko wake mwenyewe tangu msingi mpaka paa, apewe miezi minne. Masika yalikuwa yamebakiza wiki sita.

Havijawa akarudi ofisini akajifungia siku mbili. Kumbe duniani kuna ukurasa unaokuja umeshajengwa. Ni kama kupewa nyumba yenye milango na madirisha, kazi yako kupanga vyombo tu. Unataka picha, unaishika kwa kidole, unaiburuta, unaiachia pale unapotaka, inakaa. Unataka maandishi, unaburuta, unaachia. Kibao cha kijani hakikufai tena, unakitoa, unaburuta chekundu. Hakuna kusomea, hakuna fundi, hakuna kusubiri. Hata mimi niliyeishia darasa la pili nimeonyeshwa, nikaburuta picha ya ng'ombe ikaenda.

Fundi Eligi alipoonyeshwa alikunja uso. Akamwambia Havijawa kwamba nyumba ile ni ya kupanga. Siku akitaka kuhama hatabeba hata tofali. Na tena hajui ndani ya kuta mna nini, kitu kinaweza kujisogeza chenyewe akiwa hana habari.

Havijawa akamjibu, "Fundi, maji yanakuja baada ya wiki sita. Nyumba yako ya miezi minne tutaihamia tukiwa maiti?"

Watu wakacheka. Fundi akafunga mkoba wake. Kicheko kile kikamkaa tumboni, na kitu kikimkaa msomi tumboni hakitoki upesi.

Na ukurasa ulifanya kazi, tusidhulumu. Masika yalipoingia tu, mlinzi wa daraja la juu alipiga simu asubuhi, Havijawa akaburuta kibao chekundu, na saa sita madungu yote, ya huku na ya Ng'ambo, yakafungua simu yakaona. Watu wakaondoka na vyungu vyao. Maji yakaja yakakuta majaruba matupu. Siku ile alikufa bata mmoja. Havijawa akapigiwa vigelegele, na usiku wake wa kwanza wa kulala vizuri ndio huo.

Laiti wangeliishia hapo. Lakini mwenyekiti wa ushirika, Mzee Matimbwa, alisema kitu kizuri namna hii hakiwezi kuwa hakijazinduliwa. Pakachinjwa, pakapikwa pilau, akaletwa mgeni rasmi mwenye suti. Na siku moja kabla, Matimbwa akaja ofisini akasimama nyuma ya kiti cha Havijawa.

"Mwanangu, ukurasa wetu umekaa kama uso wa mtu asiye na adabu. Mtu anafungua, anakutana na maji. Salamu iko wapi?"

"Mzee, watu wanafungua kutafuta maji."

"Hata msibani marehemu anangoja wakubwa watambulishwe. Weka picha ya mgeni rasmi. Kisha yangu. Kisha ya makamu. Juu."

Havijawa akasema kibao ndicho kikae juu. Mzee akasema wakubwa hawakai chini ya kibao. Wakavutana, mwisho binti akapata njia. Akaziburuta zile picha tatu, kubwa, safi, upande wa kushoto. Akakiburuta kibao upande wa kulia. Pale kwenye kioo kipana cha kompyuta wakakaa ubavu kwa ubavu, wakubwa kushoto, maji kulia, hakuna aliye juu ya mwenzake. Mzee akaridhika. Havijawa akapumua. Alikwisha kuburuta na kuachia, na kilichoachiwa kilikaa. Hakuchukua simu ndogo akaangalia. Kwa nini angeangalia? Macho yake yaliona.

Sasa sikilizeni. Kioo cha simu ni chembamba. Vitu viwili havikai ubavu kwa ubavu. Ile zana, bila kuuliza mtu, ukurasa ukifunguliwa kwenye simu inavipanga upya, kimoja juu ya kingine, cha kushoto kwanza, cha kulia mwisho. Picha tatu nzito juu, kibao chini kabisa, chini ya makamu mwenyekiti.

Siku ya uzinduzi Fundi Eligi alikuwepo, alialikwa kwa pilau. Akaufungua ukurasa kwenye simu yake. Akaona. Akatabasamu, akaitia simu mfukoni, akaendelea na nyama.

Na siku hiyohiyo Mzee Matimbwa akaamuru rimu ishushwe. Akasema wageni wataona aibu, tuna mtandao na bado tunagonga chuma. Rimu ikapelekwa uani kwa ofisi, wakaifanya kitako cha mlingoti wa mtandao. Bi Sikudhani akauliza yeye sasa afanye nini. Vijana wakamwambia, bibi, kajifunze kuburuta. Akaenda kwake na nyundo yake, na tangu siku hiyo hakutia mguu ofisini.

Mwezi ukapita mkavu. Watu wakazoea kufungua, wakaona picha, wakasubiri, kibao cha kijani kikaja mwisho au hakikuja, na kwa kuwa hapakuwa na mvua hakuna aliyelalamika. Kilichochelewa bila madhara kinaonekana hakikuchelewa.

Kisha ikaja siku yenyewe.

Saa tano asubuhi mlinzi wa daraja la juu alipiga simu, na sauti yake haikuwa ya kawaida. Alisema nguzo ya kupimia haionekani tena. Hakusema maji yamefika alama gani. Alisema alama hakuna. Hesabu yao ilikuwa saa nne toka daraja la juu mpaka majarubani. Maana yake saa tisa.

Havijawa akaburuta kibao chekundu. Akakitazama kwenye kioo kipana, kimeng'aa kama jeraha, ubavuni mwa mgeni rasmi. Akaangalia saa. Saa sita wataona, saa saba wako njiani, saa nane wako juu. Wakati unatosha. Akampigia mama yake kwa vyovyote vile. Simu imezimwa, saa sita haijafika. Akakaa. Saa sita ikafika ikapita, akapiga tena, mara haipatikani, mara inaita na kukata. Majarubani hivyo ndivyo ilivyo. Saa saba akashuka kwa mama ntilie kuangalia wanaorudi kutoka bondeni.

Njia ilikuwa tupu.

Mnajua njia tupu? Njia ambayo ingepaswa kuwa na wanawake na vyungu na watoto wanaolia. Ilikuwa na kuku mmoja. Jua linawaka, hakuna wingu, hakuna upepo.

Havijawa akamwomba mama ntilie simu yake, kidude cha kioo kilichopasuka. Akaufungua ukurasa wake. Ikaja paji la uso la mgeni rasmi. Akasubiri. Zikaja nyusi. Akasubiri. Ikaja pua. Mama ntilie akamwambia, "Huo wenu siku zote uko hivyo, mwanangu. Mimi huwa naona huyo baba, kisha bando linakwisha."

Akauvuta ukurasa chini kwa kidole, hapakuwa na kitu chini, weupe tu, picha haijafika. Akaelewa. Kule bondeni watu sabini walifungua simu saa sita wakaona paji la uso, wakazima, wakala, wakalaza watoto.

Alisimama njia panda. Ofisi ilikuwa juu, dakika tano kupanda. Angefika, angeziburuta zile picha tatu nje, kazi ya kidole kimoja, kazi nyepesi kuliko zote duniani; na bado ilikuwa saa saba, watu wengi hufungua tena kabla ndege hawajarudi. Wangeona. Huku na Ng'ambo. Na dungu la mama yake lilikuwa chini, saa nzima ya kukimbia kwenye matope, na mama yake simu yake ilikuwa mbovu kuliko zote. Dakika tano kupanda, dakika tano kushuka, na kungoja kompyuta iwake. Mwendo wa maji siku ile hakuujua. Huenda yanakuja saa tisa. Huenda saa nane na nusu.

Alikwenda chini.

Alikimbia akipiga kelele mpaka sauti ikakatika, na kila dungu la huku lililokuwa njiani mwake liliamka. Watu thelathini na mmoja waliondoka kwa sauti yake, walihesabiwa baadaye. Alimkuta Bi Siwema anachambua mboga na Tunu amelala. Alimbeba mtoto mgongoni, akamshika mama mkono, na akatazama Ng'ambo. Madungu tisa. Alipunga mikono. Alivua kitenge akapunga kitenge. Mwanamke mmoja kule, Zamoyoni mke wa Chogo, alimwona, akapunga naye, akidhani anasalimiwa.

Maji yalifika saa tisa kasorobo. Hayakuwa na sauti ya maji. Yalikuwa na sauti ya miti inayovunjwa.

Ng'ambo wengi walipanda juu ya kichuguu kikubwa wakaponea hapo. Zamoyoni na wanawe wawili hawakukifikia. Chogo, mumewe, alishikwa na mti wa mgunga akakaa juu yake mpaka kesho yake, anatazama.

Wiki mbili baadaye wazee saba walikaa, na bonde zima likakaa. Chogo hakulia. Alisimama akasema neno lake kwa upole, na upole wake ndio uliotisha.

"Nilifungua mara mbili. Saa sita nilimwona mgeni rasmi mpaka kwenye masikio. Saa saba na nusu nikafungua tena, nikamwona mpaka kwenye tai. Mnionyeshe nani aliyemweka yule bwana mbele ya wanangu."

Wazee wakamwita Matimbwa. Akasema yeye aliagiza heshima, hakuagiza maji. Hajui kuburuta, hajui kuachia. Ukimwambia mwashi akujengee ukuta mbele ya mlango, mwashi ndiye anayejua kwamba hutatoka. "Mwenye mkono ni yeye," akasema. "Mimi nilikuwa na mdomo tu. Nionyesheni kosa langu."

Wazee wakatazamana.

Wakamwita fundi. Hakukataa kwamba aliona. Alisema alikwisha kuonya kwamba nyumba ile ina kuta asizozijua mwenyewe, akachekwa mbele za watu. Tangu hapo hakuulizwa, hakuitwa, hakulipwa. Mganga aliyefukuzwa hafuati wagonjwa nyumbani. "Nionyesheni kosa langu," akasema.

Wazee wakatazamana.

Wakamwita Bi Sikudhani, kwa sababu watoto walisema saa nane walimwona kando ya mto. Akakiri. Aliona povu la kahawia, akalijua, maana amelijua miaka arobaini. Akarudi nyumbani akakaa. Alidhani wameshaambiwa, si wana ukurasa? Na angegonga nini, kichwa chake? Chogo akamwambia rimu ilikuwa uani kwa ofisi, bibi, hatua mia toka mlangoni kwako, na siku ile hapakuwa na upepo wa kukataa wala kukubali. Bibi akasema, "Walinicheka. Kizee akishachekwa, nyundo inakuwa nzito. Nionyesheni kosa langu."

Wazee wakatazamana.

Wakamwita Havijawa. Na yeye angeweza kusema mengi. Angeweza kusema bila ukurasa wake masika yale yangeanza na maiti, wala si bata. Angeweza kuwataja wale thelathini na mmoja, walikuwa wamekaa mbele yake. Hakusema. Alisema hivi:

"Niliburuta bila kuangalia. Hilo moja. La pili, nilifika njia panda. Kulia ofisi, kushoto mwanangu. Ningepanda kulia, kaka Chogo, wewe ungeona kibao. Nilikwenda kushoto. Na mkinirudisha leo pale njia panda, mniweke saa ileile, nitakwenda kushoto tena."

Tunu alikuwa amekaa mapajani mwa bibi yake, anachezea kamba ya kiatu.

Wazee wakamwambia Chogo: mfiwa ataje malipo, sisi tutataja mlipaji. Akataja kabla hajajua atakuwa nani. Alisema hataki ng'ombe wala shamba. Dungu lake la Ng'ambo, la mwisho kabisa ukingoni, atalijenga upya kwa mikono yake. Mwenye kosa akae humo kila masika mpaka mpunga uvunwe, yeye pamoja na mtoto wa nyumbani kwake, na simu moja, aiwashe saa sita, aizime saa nane. Na wale wengine watatu ndio watakaoshika onyo.

Wazee wakaondoka wakakaa peke yao mpaka jua likashuka. Walirudi na jina moja. Wapo wanaosema walichagua hivyo kwa sababu katika wanne, ni mmoja tu aliyesema angefanya tena. Wapo wanaosema walichagua hivyo kwa sababu mmoja ni mwenyekiti, mmoja ni msomi na mmoja ni mzee mwenzao. Mimi sikuwemo kwenye baraza lile, na midomo ya wazee saba siwezi kuifungua.

Masika yakaingia. Ukurasa akapewa Mzee Matimbwa, na fundi akawa wa kuutazama, na nyundo ikarudi kwa Bi Sikudhani. Havijawa akamfunga Tunu mgongoni, akamwacha mama yake analia ukingoni, akavuka kwenda Ng'ambo, akapanda kwenye dungu la marehemu. Mwaka wa kwanza akakaa humo. Mwaka wa pili akakaa humo. Mwaka huu yumo, na milimani, nimesikia, mvua imeanza.

Haya, ninyi mliosoma. Aliyeagiza, aliyeona akala nyama, aliyejua akaketi, na aliyekwenda kushoto: nani hasa alistahili kukaa kwenye dungu lile na mtoto wake?